Ushauri kwa Mzazi

Kilo hamsini na mbili. Nimeandika.
Azzan ana miaka tisa, amevua viatu,
amevua na saa, akidhani saa ndiyo nzito.
"Nipime tena, Abla," kanambia, "nimeshatoa pumzi."
Nikampima tena. Hamsini na mbili.

Fomu ya shule ina mstari mmoja mtupu:
*Ushauri kwa mzazi.*
Mwaka wa kumi na moja huu naujaza vilevile:
apunguze kula, aongeze kutembea.
Leo kalamu imegoma pale penye kutembea.

Basi ilipolia kengele ya mwisho nikenda kwa miguu
kutoka lango la shule mpaka kwao Azzan,
hapa Mabela, mwezi wa tano, saa saba na nusu,
jua limenisimamia utosini kama mdai.
Njia ya miguu hakuna. Kuna mchanga, kuna kokoto,
kuna magari yanayopunguza mwendo kunishangaa:
mwanamke mzima na abaya lake, kapatwa na nini?

Hatua nilizihesabu, nikapotea kwenye mia sita.
Kwenye maduka sikupotea.
La Biju liko ubavuni mwa lango lenyewe:
chapati ya kukunja, jibini la kupaka,
chipsi za pakiti zimepondwapondwa ndani,
baisa mia mbili, na soda juu yake.
Kisha kuku wa kukaanga. Kisha donati. Kisha chai tena,
na chai tena, bango jekundu lilelile.
Tofaa niliona moja tu njia nzima,
limechorwa ukutani kwa daktari wa meno.

Gari hupiga honi, kijana hutoka mbio na sinia.
Hakuna anayeshuka. Mtoto hutoa mkono dirishani
kama kinda atoavyo mdomo.

Bibi yake, Thureya, ndiye aliyenifungulia.
Baridi ya ndani ikanipiga kifua.
Kahawa, halua, sambusa za moto.
"Kula, mwanangu, mbona umekonda?"
Nikamtolea fomu. Akaisoma bila miwani.
"Unguja," akasema, "mwaka wa sabini na moja,
nilipanga foleni ya mchele tangu alfajiri,
nikarudi na kikapu kitupu.
Mama akachemsha muhogo, akatwambia tulale mapema.
Siku ile niliapa.
Leo weye waniletea karatasi
kunambia mjukuu wangu kashiba mno?"

Sikuwa na jibu. Nilikula sambusa.
Nikala na ya pili.

"Unacheza wapi, Azzan?" Akanionyesha ukumbi,
mpira wa sifongo, usije ukavunja kioo.
Na nje? Akavuta pazia.
Kiwanja cha mkabala kina uzio wa mabati,
na bango: mgahawa, utafunguliwa karibuni,
watoto nusu bei.

Baba yake akanirudisha kwenye gari langu,
dakika tatu, Azzan kakaa nyuma.
Penye duka la Biju akapiga honi
bila kuuliza, kama mtu anavyopiga chafya.
Biju akaja na vikombe vitatu vya karaki,
kimoja kina kifuniko, cha Azzan,
kwani kamjua tangu hajaota meno.
Nikanywa. Ilikuwa tamu, sisemi uongo.

Usiku huu fomu iko mezani.
Nimelikata neno *mzazi*.
Nani basi? Manispaa? Mwenye mabati?
Biju, anayesomesha wawili kwao Kerala
kwa hizi baisa mia mbili mbili?
Bibi, na foleni yake isiyokwisha?
Miye?

Kalamu ninayo. Kikombe nacho nilikuja nacho,
cha karatasi, nimesahau kukitupa,
na chini kimeganda sukari.